Mwaka Tuliomlia Stefano

Mwezi uliopita tulimzika Sera, mkunga, rafiki yangu tangu usichana, na pale msibani wajukuu wake wawili wanaosoma uchoraji walikuwa wakibishana kwa Kifaransa nyuma ya kiti changu, wakidhani bibi kizee kama mimi hasikii au haelewi. Mmoja alishikilia kwamba picha na nyimbo hazijawahi kubadilisha kitu, ni pambo tu la wenye shibe. Mwingine akasema hapana, kila mageuzi makubwa duniani yalitanguliwa na wasanii, akataja nchi za mbali moja baada ya nyingine, mpaka nikachoka. Hakutaja kwao hata mara moja. Nikageuka nikawauliza, "Munajua bibi yenu alimaliza masomo juu ya nini, kwa sababu gani?" Wakasema juu ya akili yake. Ni kweli, akili alikuwa nayo, tena ya kutuudhi sisi wengine. Lakini nikawaambia, "Ni juu ya teatre, mchezo wa kuigiza." Wakanikodolea macho, na mmoja akacheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Nikaona haya kwa niaba yao. Kumbe Sera hakuwasimulia. Basi nitasimulia mimi, na habari za wazazi wangu na kijiji walikotoka sitazisema, maana kila mzee anaanzia huko na wasomaji wanasinzia.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mji wetu bado ukiitwa kwa jina la kikoloni, Elisabethville, nasi tukiishi katika kambi ya wafanyakazi ya kampuni, nyumba za matofali zilizopangwa mistari minyoofu hata ukirudi kutoka sokoni na mawazo mengi unaweza kuingia kwa jirani ukavua viatu. Mambo hayo yalitokea kweli, na mtu alikula bukari, ugali wetu, ya watu kabla ya kugundua si kwake. Katikati ya kambi palikuwa na foyé, ukumbi mrefu wenye bati, ambako wanawake na wasichana tulifundishwa mambo ya nyumbani. Mpaka leo nikisikia harufu ya pasi ya makaa juu ya kitambaa kilicholowa, narudi pale. Madame, mzungu aliyesimamia, alitufundisha kupiga pasi kola na kupika supu isiyo na pilipili, supu ambayo hakuna mume hata mmoja kambini aliyekubali kuimaliza. Hakuwa mtu mbaya. Alijua majina yetu yote na aliyatamka vibaya yote. Ushonaji tulifundishwa na Mama Mwajuma, Mwislamu wa Maniema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kushuka chini sana, ambaye mumewe alikuwa fundi wa kofia mjini. Yeye ndiye aliyetutungia michezo. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya kambi, foyé ilitakiwa kuonyesha mchezo mbele ya wakubwa, na kila mwaka mchezo ulikuwa uleule: bibi msafi na bibi mchafu. Bibi msafi anachemsha maji, mumewe ananenepa. Bibi mchafu hachemshi, mumewe anafukuzwa kazi. Mimi nilikuwa bibi mchafu miaka miwili mfululizo, na nakiri nilipendwa kuliko yule msafi.

Mwaka huo Stefano, baba yake Sera, alikufa kwa kifua. Alikuwa mtu mfupi, mpole, fundi wa karakana, anayetembea akivuta wimbo puani bila kuutoa. Aliingia hospitali Jumatatu, Jumatano akawa amekwisha. Amri ya kambi ilikuwa kilio kisizidi siku moja, kwa sababu, walisema, watu wakikesha wanalala kazini. Basi tulimzika mchana, tukakaa uani kwa mjane wake, Mama Sera, mpaka saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili kamili shefu wa kambi, mzungu aliyetusimamia sote, akapita akipuliza filimbi yake. Tulimwita Bwana Filimbi. Alipuliza asubuhi watu waamke, akapuliza kwenye mgao wa posho watu wapange mstari, na siku ile akapuliza ili tuache kulia. Tukaacha. Wanawake wakasimama, wakakung'uta vumbi, wakaenda kuwasha mbabula zao, majiko ya makaa. Mama Sera alibaki amekaa chini na chozi lake nusu. Sitasahau uso ule. Hakuwa amelia bado, alikuwa akijikusanya tu, kama watu wetu wa kaskazini wanavyofanya, maana kwetu mjane hulia mwisho, baada ya wengine kumfungulia njia.

Wiki mbili baadaye nilikuwa napiga pasi peke yangu kwenye chumba cha pembeni cha foyé, ambacho ukuta wake ulikuwa mbao tupu, na upande wa pili ndipo karani alipoandika barua za kambi. Nikasikia Bwana Filimbi akimsomea maneno ya kuandika: mjane wa Stefano arudishwe kwao mwisho wa mwezi ujao, tiketi ya treni itatolewa, nyumba imeshapata mtu. Karani, ambaye alikuwa jirani yetu, akasema taratibu kwa Kifaransa chake cha kanisani, "Ana binti aliyebakiza mtihani mmoja." Bwana Filimbi akajibu kwamba sheria ni sheria, nyumba ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi hayupo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikaunguza kola ya Madame.

Ni lazima nieleze mtihani ule ulikuwa nini, kwa sababu ndio roho ya habari hii. Sera alikuwa msichana pekee wa kambi yetu aliyefika darasa la mwisho. Masista waliofundisha ukunga walikuwa wamesema wazi: akishinda, tunamchukua, analala kwetu, anakula kwetu. Mtihani ulikuwa miezi minne mbele. Mama yake akipelekwa kijijini kabla ya hapo, Sera anakwenda naye, na huko kaskazini darasa la namna ile halikuwapo. Sera mwenyewe nilipomweleza niliyoyasikia hakulia. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga ya lengalenga, akaendelea kuchambua, akasema, "Basi nitaolewa," kwa sauti ya mtu anayesema basi nitafua. Nikamwambia usiseme upuuzi. Akanitupia majani usoni. Tulikuwa bado watoto wa kutosha kucheka hata hapo.

Nilimpelekea Mama Mwajuma habari ile, na Mama Mwajuma akapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Kisha akasema, "Mwaka huu bibi muchafu apumuzike." Akaniuliza kama naweza kucheza mjane. Nikasema naweza kucheza hata treni. Akatunga mchezo mfupi: mfanyakazi anakufa, mjane anaambiwa ahame, binti anaweka daftari zake kwenye kikapu cha samaki, basi. Hakuna hotuba, hakuna wa kulaumiwa. "Bakubwa baone tu," alisema. "Muntu akisha kuona, hawezi kusema hakuona." Kwa Madame tulisema ni mchezo juu ya familia. Haukuwa uongo. Na jina la marehemu katika mchezo lilikuwa la kubuni kabisa, Mama Mwajuma alilichagua kwa uangalifu, jina ambalo hakuna mtu kambini aliyekuwa nalo. Nimelisahau. Mtaona kwa nini.

Siku hizi nikiwasikia vijana wakisema kwamba sanaa ya kusema na wakubwa imeletwa na wasomi, nakumbuka wazee wa kambi walivyotusimulia ngoma ya mbeni, waliyoicheza wao walipokuwa vijana. Walijipa vyeo: huyu gavana, huyu daktari, huyu jaji, wakavaa kofia za karatasi na kutembea mwendo wa kizungu barabarani, na serikali, yenye bunduki zote zile, ikatuma watu kuwachunguza. Tata Mwansa, mzee wa upande wa Luapula aliyekaa mstari wa nyuma yetu, alikuwa gavana miaka ile. "Nilihukumu bantu mingi," alikuwa akijigamba, "na hakuna moja alienda gereza." Tulimcheka. Sasa naona kwamba mtu aliyewahi kuvaa kofia ya gavana, hata ya karatasi, hawezi tena kuiogopa kwa kiasi kilekile. Nadhani hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya sanaa popote ilipobadilisha nchi: kabla ya watu kudai kitu, wanajiona kwanza wakiwa nacho.

Sikukuu ikafika. Uwanja wa foyé ulijaa, wakubwa wamekaa mbele kwenye viti pamoja na wake zao, Bwana Filimbi pembeni, Madame katikati akitabasamu kwa wasiwasi. Watu wa kambi walisimama nyuma na pande zote. Mama Sera hakuja. Sera alisimama karibu na bomba la maji. Mchezo ukaanza vizuri. Mwenzetu aliyecheza mume, akiwa amevaa helmeti ya babake, akakohoa, akaanguka, watu wakacheka kidogo kwa sababu alikuwa msichana mwenye ndevu za masizi. Ikawa zamu yangu. Katika mazoezi nilikuwa nimekaa kwenye kiti na kujifuta macho na kitambaa, kama Madame alivyopenda. Lakini siku ile nikamwona Sera pale bombani, amejishika mikono yake mwenyewe, na sijui nini kilinipata. Nikafungua kitambaa cha kichwa. Nikakaa chini mavumbini, nikanyoosha miguu, nikaweka mikono kichwani, na nikamwita marehemu kwa jina. Sikuita jina lile alilolibuni Mama Mwajuma. Niliita, "Stefano ee! Stefano, umeniacha na nani?"

Mama Mwajuma, mtu wa Maniema, hakujua nilichofanya mpaka alipoona watu. Kwetu, ukimwita marehemu wa kweli ukiwa umekaa chini na kichwa wazi, umefungua kilio, na kilio kilichofunguliwa hakiachwi. Lazima kikaliwe, kiliwe chakula chake, kifungwe kwa heshima, la sivyo msiba unazunguka kambini ukitafuta nyumba nyingine. Nami nilijua. Nililelewa nikijua. Kwanza akajibu mwanamke mmoja nyuma kabisa, sauti nyembamba. Kisha wa pili. Kisha ukuta mzima wa wanawake ukaporomoka. Wakaja mbele wakipita katikati ya viti vya wakubwa, wakifungua vitambaa, wakaketi kunizunguka, wakamlia Stefano kilio kile kilichokatwa na filimbi. Wanaume wakavua kofia. Na Tata Mwansa, ambaye watu wake ni watani wa watu wetu, akaingia kudai haki yake, kwa sababu kilio hakikamiliki bila mtani kumwiga marehemu. Akamvua yule msichana helmeti, akaivaa, akapita mbele yetu kwa hatua fupifupi za Stefano, akivuta wimbo puani. Ilikuwa Stefano mtupu! Watu walicheka na kulia pumzi moja. Halafu mzee akageuka, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mrefu, akaangalia saa isiyokuwapo mkononi, akasema, "Machozi kwisha! Kesho kazi!"

Wake wa wakubwa walipiga makofi. Waliona ni mchezo, na mchezo mzuri. Madame peke yake ndiye aliyeinama kwangu akaniuliza kwa Kifaransa kama umekwisha. Nikamjibu, "Bado, Madame." Bwana Filimbi akasimama, akapuliza filimbi ya kweli, mara moja, mara mbili. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyemtukana wala kumtazama vibaya. Walikuwa tu na kazi nyingine. Akaja kwa Mama Mwajuma, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha vipande, "Teatre nakwisha saa ngapi?" Mama Mwajuma, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshaelezwa na wanawake tatizo liko wapi, akajibu kwa unyenyekevu kabisa, "Bwana, teatre ilisha kwisha. Hii iko kilio. Iko na siku tatu."

Na siku tatu zikakaliwa. Wanaume waliamka, wakaenda karakana, wakafanya kazi yao bila mtu hata mmoja kuchelewa, wakirudi hawaendi nyumbani, wanakuja kukaa uwanja wa foyé. Hapo ndipo wakubwa walipokosa pa kushika. Ungemwadhibu nani, kwa kosa gani? Wanawake walileta unga, wakaleta sombe, majani ya muhogo, wakapika kwenye masufuria ya kampuni yaliyonunuliwa kwa ajili ya supu isiyo na pilipili. Madame aliona, akaondoka, akarudi na gunia la chumvi, akaliweka chini bila neno. Nampenda kwa chumvi ile. Mimi nilibaki pale katikati, nimekaa mahali pa mjane, siruhusiwi kuoga wala kuinuka ovyo, nikilishwa kama mjane, nikipewa pole na watu walionijua tangu nikinyonya. Niliogopa. Mtu wa miaka kumi na saba aliyekaa mahali pa mjane bila kuwa mjane, je, hajiitii msiba? Lakini hofu kubwa zaidi ilikuwa Mama Sera. Siku ya kwanza hakuja. Siku ya pili alituma neno kwa kinywa cha Sera, na Sera alilitoa akiangalia pembeni: "Mama anauliza, nani alikupatia ruhusa ya kulia bwana yake?" Nililia tena, safari hii kwa ajili yangu mwenyewe, na wanawake wakadhani nacheza vizuri.

Siku ya tatu asubuhi, jua limeshapanda, wanawake wakapisha njia. Mama Sera alikuwa amesimama mbele yangu, kichwa wazi, amevaa kitambaa cha kaniki. Akasema, "Simama, mutoto. Pale ni pahali pangu." Miguu ilikuwa imekufa ganzi, wawili walinishika. Akaketi palepale, kwenye alama ya vumbi niliyoiacha, akanyoosha miguu kama nilivyonyoosha, akaweka mikono kichwani. Sisi wote tukasubiri. Kisha akalia. Sijasikia tena sauti ile maishani, na nimezika wengi. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya kuigiza na kuwa, na pia kwamba bila ya kwanza ile ya pili isingepata njia siku ile.

Mchana Bwana Filimbi akaja na karani. Filimbi ilikuwa mfukoni. Alitaka kujua kilio kitafungwaje. Mama Mwajuma alikuwa amejifunza desturi yetu kwa siku tatu kama mtu anavyojifunza mshono mpya, akamweleza: ili kilio kifungwe, watu humwuliza baba wa marehemu, mbele ya wote, mjane na mtoto atakaa nao nani. Baba akishajibu, watu wanaoga, wanaondoka. Bwana Filimbi akauliza huyo baba yuko wapi. "Alikufa zamani," akasema Mama Mwajuma. "Lakini kila siku ya feti, Bwana, weye unasimama pale unatuambia kampuni iko baba na mama yetu. Basi tunauliza baba." Karani alitafsiri neno kwa neno, macho chini. Na kweli Bwana Filimbi alikuwa akisema hivyo kila mwaka siku ya sikukuu, hata siku ile ya mchezo alikuwa amesema, asubuhi, kabla ya bia. Uso wake ukawa mwekundu. Alitazama watu waliokaa, mamia ya watu wasiomtishia, wanaongoja jibu la baba. Mpaka leo siamini kwamba alishindwa tu. Naamini aliona aibu, na aibu ni mwanzo wa utu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mjane atakaa nyumbani mwake mpaka shule zifungwe. Karani akatafsiri kwa sauti kubwa mara tatu ya ile aliyoisikia. Hakukuwa na vigelegele, kilio hakifungwi hivyo. Wanawake walimchukua Mama Sera kwenda kumwogesha.

Haikuandikwa popote kuwa sheria. Lakini mwaka ule walikufa wengine wawili kambini, na wajane wao waliachwa mpaka shule zifungwe, na kambi ya pili ikasikia, ikauliza baba yake, ikajibiwa. Mama Mwajuma hakuruhusiwa kutunga tena, tukarudi kwa bibi msafi na bibi mchafu, nami sikujali. Sera alifanya mtihani wake akashinda, masista wakamchukua. Alitoa watoto wangapi tumboni mwa mama zao katika mji huu sijui, baadhi ya waliombeba kaburini mwezi uliopita ni yeye aliyewapokea duniani. Hayo nilitaka wajukuu wake wayajue.

Shule zilipofungwa Mama Sera alipanda treni ya kaskazini, kama ilivyosemwa. Tulimsindikiza stesheni, foyé nzima. Alikuwa ameshakaa ndani, amepakata kikapu, aliponiita kwa mkono nisogee dirishani. Nilidhani atanituma kitu. Akaniita kwa jina langu polepole, wengine wasisikie, "Ana, unajua kwa nini nilikasirika siku zile? Ulimulia Stefano muzuri kupita miye. Nikaona wivu. Nikasema, huyu mutoto anamupenda bwana yangu kunipita." Nikataka kuomba radhi, akanizuia kwa kidole. "Halafu nikakuya, ukasimama, ukanipa pahali. Ingekuwa hapana weye, ningeenda na machozi yangu mu kikapu." Treni ikaanza kusogea. Nikatembea nayo, nimeshika ukingo wa dirisha, nikimwambia asante Mama, asante Mama, neno lilelile, mpaka jukwaa la stesheni likanikatikia.